Jeli Iliyotengenezwa Nyumbani

Mimi nauza miwani Kipushi, mji uliokulia juu ya shaba na zinki tangu miaka ya 1920. Wateja wakiuliza lenzi laini za machoni zilianzia wapi, nawasimulia habari za mkemia Otto Wichterle wa Praha. Mwaka 1960, yeye na mwenzake Drahoslav Lím walitangaza plastiki inayokunywa maji: karibu asilimia 40 ya uzito wake ni maji, nayo huwa jeli laini, kama nyama ya mwili. Krismasi ya 1961 Wichterle akaunda nyumbani mashine ya kutengenezea lenzi, kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Tone la kimiminika cha plastiki hiyo lilizungushwa kwenye kikombe kidogo, likaganda kuwa lenzi. Mafundi baiskeli wa hapa hupenda sehemu hiyo kuliko kemia yote! Ila kwa vumbi letu la kiangazi, mimi nawashauri wateja wachukue miwani.