Hambledon: Kijiji Kilichopima Gongo

Mwaka 1756 gazeti la mji wa Reading, kusini mwa Uingereza, lilichapisha tangazo la mbwa aliyepotea. Alipotelea kwenye mechi ya kriketi, juu ya kilima cha Broadhalfpenny, na jina lake lilikuwa Rover, yaani mzururaji. Ukimpa mbwa jina la mzururaji halafu ukampeleka penye umati, usije ukalia gazetini. Hata hivyo tuna deni kwa mbwa huyo, maana tangazo lake ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa yanayotuonyesha kwamba kijiji cha Hambledon, katika jimbo la Hampshire, kilikuwa na timu ya kukusanya watu. Mwaka huohuo timu hiyo ilikwenda London kupambana na Dartford, wakongwe wa Kent, katika uwanja wa Artillery Ground. Kijiji kisicho na jina hakialikwi London, kwa hiyo bila shaka vijana wa Hambledon walikuwa wameshatamba nyumbani kwa miaka kadhaa.

Wapo wanaosema kriketi ilizaliwa hapo. Si kweli. Mwaka 1598, katika kesi ya kiwanja huko Guildford, mzee mmoja, John Derrick, aliiambia mahakama kwamba alipokuwa mwanafunzi yeye na wenzake walikuwa wakicheza kriketi kwenye kiwanja hicho. Hiyo inaturudisha hadi miaka ya 1550. Sheria za mchezo nazo ziliandikwa mwaka 1744, Hambledon ikiwa bado haijasikika. Kriketi haikuzaliwa Hambledon, ila ndipo ilipopelekwa jandoni.

Mchezo wenyewe ulikuwa tofauti na huu tunaouona leo kwenye televisheni. Mpira ulirushwa kwa mkono wa chini. Wiketi ilikuwa vijiti viwili tu vilivyosimamishwa, na kingine kimelazwa juu yake. Gongo (hapa nasema gongo la kupigia, si lile la chupa) lilikuwa limepinda chini, likifanana zaidi na la mpira wa magongo. Hapakuwa na ubao wa matokeo: mhesabuji alikaa na fimbo na kisu, na kila timu ilipopata mkimbio mmoja alichonga alama moja. Baada ya mechi ungeweza kulibeba tokeo zima begani ukaenda nalo nyumbani.

Nguzo ya Hambledon alikuwa Richard Nyren. Alikuwa nahodha, mrushaji wa mkono wa kushoto, mwamuzi wa ugomvi, na juu ya hayo mwenye baa. Baa yake iliitwa Bat and Ball, nayo ilitazamana na uwanja wa Broadhalfpenny, kama maili mbili kutoka kijijini. Waliomzunguka walikuwa watu wa kazi za mikono. Tom Sueter, mlinda wiketi, alikuwa seremala mwenye sauti nzuri ya kuimba. William Barber alikuwa fundi viatu. John Small wa Petersfield naye alianza kwa kushona viatu, baadaye akageuza karakana yake akawa anatengeneza magongo na mipira. Huyu ndiye anayesifiwa kuwa wa kwanza kuachana na gongo lililopinda. Warushaji walikuwa wameanza kuudundisha mpira badala ya kuuburuza chini, naye akaona hauwezi kukingwa ila kwa gongo lililonyooka, lililosimamishwa wima. Fundi aliyetengeneza chombo ndiye pia aliyegundua namna ya kukitumia.

Basi fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa mabwana. Klabu ya Hambledon, kama ilivyojulikana kuanzia miaka ya 1760, ilikuwa chama cha watu wenye mashamba, makabaila na maofisa wa jeshi la majini, na kigogo wake alikuwa Charles Powlett, mchungaji wa kanisa na mtoto wa nje ya ndoa wa Mtawala wa Bolton. Ada ilikuwa gini tatu kwa mwaka, na gini moja ilikuwa shilingi 21. Walikutana Jumanne, wakatazama mazoezi, wakala, wakanywa. Glasi zilinyanyuliwa kwa heshima ya mfalme, ya klabu na ya kriketi, kisha kwa kumbukumbu ya mtu au kitu kilichoitwa Madge. Wanaoijua lugha ya vichochoroni ya wakati ule wakifika kwenye neno hilo huinamisha macho, nasi tupite.

Wachezaji walilipwa. Siku ya mazoezi upande ulioshinda ulipata shilingi nne kila mtu, na walioshindwa shilingi tatu. Kwa kibarua wa shambani huo ulikuwa kama ujira wa siku tatu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Hambledon ilikuwa klabu ya ridhaa, nitamjibu kwamba kwa bwana mwenye shamba ilikuwa ya ridhaa, na kwa fundi viatu ilikuwa kazi. Mabwana walileta fedha na dau, wanakijiji wakaleta ujuzi, na pande zote mbili zilijua nani anamhitaji nani. Mtawala wa Dorset, aliyependa kriketi kupita kiasi, aliwahi kumpelekea John Small fidla nzuri, maana Small alikuwa mpigaji hodari wa ala hiyo, na gharama ya kuisafirisha akailipa yeye Mtawala. Small hakujibu kwa barua ya kushukuru na kujikunyata. Alitengeneza magongo mawili na mipira kadhaa, akampelekea Mtawala, na gharama ya usafiri akailipa mwenyewe. Nikitakiwa kueleza Hambledon kwa kisa kimoja, nitachagua hicho.

Safari zao zilikuwa za gari kubwa la farasi la klabu, wachezaji wote ndani. Siku moja gari lilipinduka. Wenzake wakatoka wakijipangusa, lakini Peter Stewart, mcheshi wa timu, akagoma kutoka. Alisema gari lililomgeuza mara moja lina deni la kumgeuza tena, naye anasubiri alipwe.

Kisa kilichoibakisha Hambledon katika vitabu vya sheria kilitokea Septemba 1771, huko Laleham Burway, walipocheza na Chertsey. Mchezaji mmoja wa Chertsey, Thomas White, aliingia na gongo pana kama wiketi yenyewe. Akilisimamisha mbele ya vijiti, mrushaji hana pa kupitisha mpira. Ni sawa na golikipa kufunga lango kwa mbao. Tena hakuwa amevunja sheria yoyote, maana hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria kuandika upana wa gongo. Hambledon walishinda mechi hiyo kwa mkimbio mmoja tu, na walioshinda kwa kawaida hawalalamiki. Hawa walilalamika. Thomas Brett, mrushaji wao wa kasi, aliandika karatasi fupi kwamba gongo lisizidi inchi nne na robo, yeye, Nyren na Small wakatia saini. Warushaji wawili na mtengeneza magongo mmoja: walijua wanachokipima. Mwaka 1774 kamati ya mabwana iliyoketi London kurekebisha sheria ilikiweka kipimo hicho kama kilivyo, na Hambledon wakafua fremu ya chuma ya kupitishia magongo ili asitokee White mwingine.

Inchi nne na robo, yaani sentimita 10.8, haijabadilika hadi leo. Steve Tikolo na wenzake wa Kenya walipotinga nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India huko Durban, Machi 2003, walishika magongo ya upana uleule uliosainiwa na wanakijiji watatu wa Hampshire. Tulifungwa kwa mikimbio 91, lakini hilo si kosa la gongo.

Miaka minne baada ya kisa cha White ikaja zamu ya vijiti. Mei 1775, Artillery Ground, watano wa Hambledon walikuwa wakicheza na watano wa Kent. John Small aliingia wa mwisho, ikibaki mikimbio 14. Aliyemrushia alikuwa Edward Stevens, mashuhuri kwa jina la Lumpy, mtunza bustani wa kabaila mmoja na mrushaji aliyeweza kuutua mpira palepale alipokusudia. Mara tatu mpira ulimpita Small, ukapenya katikati ya vijiti viwili, ukatokea upande wa pili bila kuangusha chochote. Kwa sheria Small alikuwa hajatoka. Akaendelea, akaipata ile 14, Hambledon wakashinda. Watazamaji waliona Lumpy ameonewa, na kwa kweli alionewa. Kijiti cha tatu kikaanza kuwekwa katikati, taratibu, kama desturi zote zinavyoingia. Julai ya mwaka huohuo Small alipata mikimbio 136 dhidi ya Surrey kwenye kilima cha Broadhalfpenny, mia ya kwanza katika mechi kubwa ambayo kumbukumbu yake imetufikia. Hakuwa anategemea bahati.

Kilele chao kilikuwa Juni 1777, huko Sevenoaks. Upande mmoja Uingereza nzima, upande wa pili Hambledon, dau likiwa gini 1,000. Uingereza walipata 166 katika zamu yao ya kwanza. James Aylward, mkulima aliyepangwa karibu na mwisho kabisa, aliingia Jumatano saa kumi na moja jioni. Alhamisi ikapita yupo uwanjani. Alitoka Ijumaa alasiri, akiwa na mikimbio 167, yaani peke yake ameipita Uingereza yote kwa mmoja. Hambledon walifikisha 403, wakashinda kwa zamu nzima na mikimbio 168. Yaliyofuata yatamfahamika yeyote anayefuatilia usajili wa Simba na Yanga: kabaila mmoja wa Kent, Sir Horace Mann, alimvuta Aylward kwake kwa kumpa kazi ya usimamizi wa shamba. Wenzake wa Hampshire walisikia kwamba mpigaji bora amegeuka msimamizi hafifu.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na vipaji pengine kuliko cha kwanza. David Harris, mfinyanzi, alikuwa mrushaji wa kuogopwa. Jongo lilipomshika miguu aliletewa kiti cha mikono uwanjani, akarusha, akaketi, akanyanyuka tena kurusha. Noah Mann alitoka Northchapel, zaidi ya maili 20, akapanda farasi kila Jumanne kuwahi mazoezi, na njiani alikuwa akiokota leso chini huku farasi anatimua mbio. Huyu aliwahi kuupiga mpira ukateremka mlimani, wakakimbia mara kumi kabla haujarudishwa. Alikufa mwaka 1789 akiwa bado kijana: alilala kitini mbele ya moto, akaangukia makaa.

Wakati huo klabu ilikuwa imeshahama. Mabwana, Mtawala wa Dorset akiwa mstari wa mbele, walilalamika kwamba Broadhalfpenny kuna upepo mno, na karibu na mwaka 1782 uwanja ukahamishiwa Windmill Down, karibu zaidi na kijiji. Mimi huliona hilo kama ufa wa kwanza. Atakayekuhamisha uwanja kwa sababu ya upepo, kesho atakuhamishia mjini kwa sababu ya tope. Na ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1787 mabwana walewale na wenzao walianzisha klabu ya Marylebone, ambayo kila mpenzi wa kriketi anaijua kwa herufi MCC, katika uwanja uliofunguliwa London na Thomas Lord. Huko kulikuwa na hoteli, magari, wacheza kamari na wanawake wa kutazama. Wachezaji wazuri wakafuata fedha. Mwaka 1791 Richard Nyren naye akaondoka Hambledon.

Mihtasari ya vikao vya klabu ipo, kuanzia 1772 hadi 1796, na kurasa za mwisho zinasikitisha. Katika kikao cha Agosti 1796 jina la mmoja wa waliohudhuria limeandikwa kuwa Thomas Paine, mwandishi wa kitabu cha haki za binadamu, mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali ya Uingereza na wakati huo yuko Ufaransa. Huo ulikuwa utani wa katibu asiye na la kuandika. Septemba 21 akaandika maneno mawili tu, kwamba hapakuwa na mabwana. Mihtasari inaishia hapo.

Tazama kwamba hakuandika kuwa hapakuwa na wachezaji. Hao walikuwepo, isipokuwa hawakuwa wanahesabiwa kwenye mahudhurio. Aliyewahesabu ni John, mtoto wa Nyren, aliyekulia miguuni pao. Akiwa na karibu miaka 70, alimsimulia rafiki yake Charles Cowden Clarke yote aliyoyakumbuka: sauti ya Sueter, farasi wa Noah Mann, kiti cha Harris. Masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1833 kama kitabu cha mafunzo kwa vijana, lakini bila kitabu hicho mafundi wale wangebaki majina kwenye orodha za mikimbio. Hata Thomas Lord, ambaye uwanja wake uliwavuta wachezaji London, alizeekea West Meon, maili chache kaskazini mwa Hambledon, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1832.

Jiwe la ukumbusho lilisimamishwa Broadhalfpenny mwaka 1908, na Bat and Ball bado iko ng'ambo ya barabara. Kijiji nacho hakijaacha kucheza. Klabu ya leo iko kwenye uwanja mwingine, Ridge Meadow. Ukipata safari ya kusini mwa Uingereza msimu wa joto, panda hadi kilimani, na ikiwa unakwenda na mbwa, mfunge kamba.