Mitosisi: mgawanyiko usiopunguza kitu

Mwambie mwanafunzi wa sekondari kwamba seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, kisha muulize kila seli mpya itapata ngapi hiyo ya kwanza ikigawanyika mara moja kwa mitosisi. Si ajabu akajibu 23. Hesabu yake haina dosari. Kilichomponza ni neno "kugawanyika", ambalo tangu shule ya msingi limemzoesha kwamba ukigawa kitu, kila fungu huwa dogo kuliko kile ulichoanza nacho. Jibu ni 46 kila upande. Somo zima la mitosisi limejificha ndani ya jibu hilo.

Istilahi yenyewe, kwa asili yake, haisemi chochote kuhusu kugawa. Mjerumani Walther Flemming alikuwa akichunguza seli za salamanda wachanga, akizitia rangi ili viini vyake vionekane. Ndani ya kiini aliona nyuzinyuzi zikinenepa, zikijipanga katikati ya seli, kisha zikiachana kuelekea pande mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1882 aliliita tukio hilo mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Nyuzi zilipata jina lao mwaka 1888, pale Heinrich Waldeyer alipounga maneno mawili ya Kigiriki, la rangi na la mwili, akapata kromosomu. Meiosisi, jina la mgawanyiko unaotoa seli za uzazi, ilifuata mwaka 1905 huko Uingereza, nayo maana yake ni kupunguza. Kwa hiyo kati ya hizo mbili ni meiosisi tu iliyobeba wazo la kupungua, na ndiyo hasa inayopunguza.

Kiswahili kilizipokea istilahi hizi kwa njia mbili. Seli iliingia ikazoeleka kiasi kwamba imeshazaa jina la ugonjwa, selimundu, na hakuna anayejiuliza kama mgonjwa anazungumzia seli ya damu au ile ya kituo cha polisi. Kiini kilikuwepo tangu zamani katika yai na katika mti. Mitosisi na meiosisi zilitoholewa, na juu yao likawekwa jina la jumla: mgawanyiko wa seli. Hapo ndipo penye utata, kwa sababu jina hilo moja linafunika kazi mbili. Anayekizungumza Kiswahili kila siku anajua kwamba mgawanyiko ndani ya chama si sawa na mgawanyo wa madaraka. Wa kwanza ni kupasuka. Wa pili ni kila mmoja kupata fungu lake kwa utaratibu. Kwa mizani hiyo, seli hupatwa na mgawanyiko, lakini kromosomu zake hufanyiwa mgawanyo, tena baada ya kila moja kunakiliwa. Mwalimu akilishika hilo, hahitaji istilahi mpya. Anahitaji nyuzi.

Darasa lenye hadubini huanza na kitunguu. Kitunguu kikiwekwa sehemu yake ya chini ikigusa maji kwa siku chache huchipua mizizi, na ncha ya mzizi ndiyo yenye seli nyingi zinazogawanyika. Ncha hiyo hulainishwa kwa asidi, hutiwa rangi, kisha hupondwa taratibu kati ya vioo viwili. Kromosomu zake 16 huonekana vizuri kwa mwenye subira. Tatizo ni kwamba seli hizo zimekwisha kufa, kila moja imegandia mahali ilipokuwa. Mwanafunzi anaona picha za safari, safari yenyewe haioni. Anaishia kukariri majina manne ya hatua, profasi hadi telofasi, kama vituo vya daladala.

Modeli ya mkononi humrudishia mwendo. Vifaa ni vya dukani: uzi wa kufumia wa rangi mbili, uzi mweupe wa cherehani, vibanio vya nguo na chaki ya kuchora seli sakafuni. Ndani ya duara huwekwa nyuzi nne: mrefu na mfupi wa rangi nyekundu, zilizotoka kwa mama, na mrefu na mfupi wa buluu, zilizotoka kwa baba. Modeli nyingi huharibikia hapa, pale mwalimu anapogawa kromosomu zikiwa tayari zina umbo la X. Mwanafunzi asiyeiona nakala ikitengenezwa ataamini kwamba umbo hilo lilikuwepo siku zote. Ni afadhali akate mwenyewe uzi wa pili wa rangi na urefu uleule, kisha aubane pamoja na wa kwanza kwa kibanio.

Sasa aulizwe: kromosomu ni ngapi? Ubishi huanza. Wapo wanaosema nane, kwa kuwa nyuzi ni nane. Bado ni nne, maana kinachohesabiwa ni maungio, yaani vibanio. Wasione haya wanaokosea; wataalamu wenyewe waliamini kwa miaka zaidi ya 30 kwamba binadamu ana kromosomu 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipochapisha hesabu ya 46 mwaka 1956 kutokana na kazi yao huko Lund, Sweden.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni kati ya kromatidi pacha na kromosomu wenza, na hapa kanga husaidia kuliko mchoro wowote. Kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vyenye pindo lilelile, mji uleule na jina lilelile, vikiwa bado havijakatwa. Hizo ndizo kromatidi pacha, yaani uzi na nakala yake kwenye kibanio kimoja. Kromosomu wenza ni doti mbili tofauti za kipimo kimoja, kila moja na jina lake, kama uzi mrefu mwekundu na ule mrefu wa buluu. Katika mitosisi kila doti hukatwa, na kila seli hupata kipande cha kila doti. Vibanio vikifunguliwa na nyuzi nyeupe za cherehani, ambazo ndizo nyuzi za kuvutia kromosomu, zikavutwa, kila upande wa duara hubaki na nyuzi nne, mbili nyekundu na mbili za buluu, sawa kabisa na mwanzo.

Katika meiosisi doti za kipimo kimoja kwanza hukaa ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande, na ndiyo maana mwanafunzi huishia na uzi wa buluu wenye ncha nyekundu. Mgawanyo wa kwanza hutenganisha doti na doti bila kuzikata. Wa pili ndio unaokata. Seli nne hupatikana, kila moja ikiwa na nyuzi mbili tu. Doti mbili za kipimo kimoja zikivutwa upande mmoja kwa makosa, seli moja hupata ziada na nyingine hupungukiwa. Kosa la namna hiyo kwenye kromosomu ya 21 ndilo chanzo kikuu cha sindromu ya Down, ambayo mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa huambatana na kromosomu 47.

Modeli ina udhaifu wake. Kibanio halisi hakipo: kromatidi hushikwa na protini ziitwazo kohesini, ambazo hukatwa na kimeng'enya muda wa kuachana ukifika. Muda nao hupotoshwa. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua takriban saa 24 kumaliza mzunguko mmoja, na mitosisi ni kama saa moja tu ya muda huo. Sehemu kubwa iliyobaki ni kukua na kunakili. Sakafuni, kunakili huisha kwa mkasi mmoja.

Nyuzi nyeupe zinastahili zoezi lake. Mwalimu aziondoe, kisha awaagize wanafunzi waendelee. Doti zote zitabaki zimejipanga katikati, hazina wa kuzivuta. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi vinkristini, dawa ya saratani ya damu kwa watoto, inayotokana na mmea wa maua ya waridi na meupe wenye asili ya Madagaska, unaopandwa pia kwenye bustani nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Dawa hiyo huzuia nyuzi za kuvutia zisijengeke, na seli ya saratani hukwama kati, ikiwa imeshanakili kila kitu lakini haiwezi kugawa.