Kikohozi kisichoisha wakati wa mlipuko wa ugonjwa: unafanyaje unapokohoa mbele za watu?

Gari linalotoka Kasansa kwenda Mpanda mjini hupitia Kibaoni, kisha hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike. Kwenye kipande hicho cha hifadhi abiria hufunga vioo. Kiangazi wanakimbia vumbi, na miezi mingine wanakimbia ndorobo, wadudu ambao kung'ata kwao kila msafiri wa njia hii anakujua. Ndani ya gari lililofungwa namna hiyo, mtu mmoja akianza kukohoa wote wanamsikia. Miaka mingine ataambiwa "pole". Wakati wa Korona watu waligeuka kumtazama, na aliyekaa naye kiti kimoja alisogea.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, mwenye kifua cha miezi au cha miaka, ambaye hana Korona lakini analazimika kukohoa katikati ya watu wenye hofu. Yanamhusu pia yule aliyesogea, kwa sababu hofu yake haikuwa ya kipuuzi.

Hofu ilikotoka

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa Korona imekuwa janga la dunia nzima. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, aliyeingia nchini kupitia mkoa wa Kilimanjaro. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Redioni zilisomwa dalili: homa, kikohozi kikavu, mwili kuchoka, kupumua kwa shida, kupoteza harufu na ladha. Katika orodha hiyo, dalili inayosikika kwa jirani bila kipimo chochote ni kikohozi. Homa ya mwenzako huwezi kuijua mpaka umguse, na pua yake iliyokufa harufu hutaijua mpaka akwambie. Kikohozi kinajitangaza chenyewe.

Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania Bara iliacha kutoa takwimu. Hesabu ya mwisho kwa nchi nzima ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja haikuongezwa namba. Tunalitaja hili kwa sababu lilikuwa na matokeo yake vijijini. Mtu aliyeko Kasansa au Mamba hakuwa na namba ya kupimia hofu yake, hivyo akabaki na masikio. Kila kifua kilichosikika kikawa habari.

Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye siku hiyo alichanjwa hadharani. Siku chache kabla, dozi 1,058,400 za Janssen zilikuwa zimewasili. Waliotangulizwa ni watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya muda mrefu, wakiwamo wenye matatizo ya kifua. Yaani watu wale wale waliokuwa wakikimbiwa kwenye magari ndio waliohitaji kukingwa kwanza. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha. Virusi vyenyewe havijaisha, na milipuko mingine itakuja, kwa hiyo haya tunayoeleza si ya kuweka kwenye makumbusho.

Kikohozi cha muda mrefu ni kipi?

Kwa mtu mzima, wataalamu wanakiita cha muda mrefu kikohozi kilichozidi wiki nane. Kwa mtoto ni wiki nne. Lakini hapa kwetu usisubiri wiki nane zitimie, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 duniani zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe TB. Mwenye maambukizi ya VVU asihesabu hata hizo wiki mbili: akiwa na kikohozi cha siku yoyote aseme kliniki. Zikiongezeka homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, jambo hilo ni la leo.

Kipimo chenyewe kinahitaji makohozi, yaani kile kinachotoka kifuani. Mate ya mdomoni hayatoshi. Makohozi ya asubuhi ndiyo bora, na hutolewa nje, kwenye hewa ya wazi, mbali na watu. Zahanati isiyo na mashine huweza kupeleka sampuli kwenye kituo kikubwa zaidi. Kupima na kutibu TB katika vituo vya serikali ni bure. Dawa za TB ya kawaida hutumika miezi sita bila kukatisha, hata kama kikohozi kimepona mwezi wa pili. (Kwa faida ya wapenda mambo ya ajabu: Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa miaka mingi kimekuwa mwenyeji wa mradi wa panya buku waliofundishwa kunusa TB kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20.)

Sasa tuseme umepimwa na huna TB, lakini bado unakohoa. Sababu ni nyingi, na baadhi zinafahamika vizuri katika maeneo yetu.

Pumu ndiyo watu wanayoitambua haraka, ingawa si kila mwenye pumu hukoroma kifua. Wapo ambao dalili yao pekee ni kikohozi, hasa usiku wa manane, alfajiri, au wakishika kazi ya vumbi. Dawa ya kuvuta ya salbutamol hufungua njia za hewa kwa muda mfupi. Anayeihitaji mara kwa mara anapaswa kumuuliza mganga kuhusu dawa ya kuvuta ya aina nyingine, ile ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ambayo hutumika kila siku hata ukiwa mzima. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba hiyo ya pili ipo.

Moshi ni jambo tunalolizoea mpaka hatulioni. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 30 ndani ya jiko lisilo na dirisha amevuta moshi mwingi, hata kama hajawahi kushika sigara. Mapafu yake huweza kuchakaa kama ya mvutaji, akapata kikohozi chenye makohozi kila asubuhi na kuchoka akipanda kilima kidogo. Wanaochochea moto kwenye mabani ya tumbaku wako njia hiyo hiyo. Hakuna dawa ya kurudisha mapafu yalivyokuwa, lakini kupunguza moshi hupunguza kasi ya uharibifu, na zipo dawa za kuvuta zinazoleta nafuu.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu, hasa wanaosaga mawe kwenye makarasha, huvuta vumbi la mawe lenye silika. Vumbi hilo hutengeneza makovu kwenye mapafu. Kovu halitoki, na mtu mwenye makovu hayo hupata TB kirahisi kuliko wengine. Ukiwa umewahi kufanya kazi hiyo, hata miaka kumi iliyopita, mwambie mganga bila kusubiri akuulize. Vumbi la mashine za kukoboa mpunga nalo hukera vifua, ingawa ubaya wake ni wa namna nyingine.

Kuna sababu moja ambayo tunaona haisemwi vya kutosha, nayo ni dawa za shinikizo la damu. Dawa za kundi la captopril na enalapril zinafanya kazi nzuri, lakini baadhi ya wanaozitumia hupata kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kikohozi. Huweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Mzee wa watu ananunua chupa baada ya chupa ya dawa ya kifua, anakunywa tangawizi na asali, anaombewa, kumbe chanzo ni kidonge cha asubuhi. Usiache dawa ya presha mwenyewe, maana kiharusi ni kibaya kuliko kikohozi. Rudi ulikopewa, useme, "Tangu nianze hizi dawa nakohoa." Watakubadilishia, na kikohozi kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache.

Kiungulia kinachopanda usiku, kamasi zinazoshuka kooni, sigara, moyo uliochoka, na mara chache saratani ya mapafu, vyote huleta kikohozi. Wengine waliugua Korona yenyewe, wakapona, kikohozi kikabaki kwa wiki au miezi. Na wako waliomaliza dozi ya TB na kupona, lakini makovu yaliyobaki kifuani yanaendelea kuwakohoza. Hawa ndio tunaowaonea huruma zaidi, kwa kuwa jirani alijua kwamba walikuwa na TB, na kila wakikohoa anadhani imerudi. Makohozi yakipimwa na kuonekana safi, hawaambukizi mtu TB. Wakiona dalili zimebadilika, wapimwe tena.

Kukohoa mbele za watu

Turudi garini. Mwenye kikohozi ana haki ya kusafiri, na aliye karibu naye ana haki ya kutopuliziwa. Hizi haki mbili zinakaa pamoja vizuri kuliko watu wanavyofikiri.

Barakoa ndicho kitu chenye nguvu zaidi, nayo inasaidia zaidi ikivaliwa na anayekohoa. Bila barakoa, kohoa ndani ya kiwiko au kwenye kitambaa, usikohoe kwenye kiganja ambacho muda si mrefu utampa mtu mkono. Makohozi yasitemwe dirishani wala chini. Beba kikopo chenye mfuniko au karatasi laini za kutupa chooni. Omba kiti cha dirishani na uombe kioo kifunguliwe, hata upana wa vidole vinne. Hewa inayopita hupunguza Korona na hupunguza TB vilevile. Mkishapita hifadhini na ndorobo wamebaki nyuma, hakuna sababu ya kuendelea kufunga.

Kunywa maji kidogo kidogo, au kumung'unya pipi, huchelewesha kikohozi kikavu. Wenye pumu waweke dawa ya kuvuta mfukoni, isikae kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Je, useme ugonjwa wako? Hulazimiki. Afya yako ni siri yako, na kondakta si daktari. Lakini mara nyingi neno moja la mapema linatuliza gari zima kuliko ukimya. Mama mtu mzima anaweza kumwambia kijana aliye pembeni, "Mwanangu, usiogope, hii ni pumu yangu ya tangu utotoni, haiambukizi." Kijana naye, kama anataka kuuliza, kuna namna: "Shikamoo mama. Pole na kifua. Naomba tufungue kioo kidogo tupate hewa." Hapo kila mmoja amepata alichotaka na hakuna aliyeaibishwa. Kumwambia mtu ashuke kwa sababu amekohoa hakuzuii ugonjwa wowote. Wanaoambukiza Korona wengi hukaa kimya kabisa, kwa kuwa mtu huanza kuambukiza hata kabla ya dalili.

Kwenye msiba, kanisani na msikitini mambo ni rahisi zaidi, kwa kuwa nafasi ipo. Kaa pembeni ya turubai au karibu na mlango.

Sharti la yote haya ni uaminifu. Huwezi kusema "ni pumu" kama hujawahi kupimwa. Na mwenye kikohozi cha zamani naye anaweza kupata Korona, tena ikamwelemea kuliko wengine. Anachopaswa kuangalia ni mabadiliko: kikohozi kimezidi ghafla, homa imeingia, pumzi imekuwa fupi, harufu imepotea. Ikitokea hivyo, siku hiyo asipande gari la abiria bila barakoa wala asiende mnadani.

Wanaojificha

Hasara kubwa ya kumtazama vibaya anayekohoa haikuonekana garini. Mwaka 2019 watu milioni 7.1 duniani waligunduliwa kuwa na TB na kuandikishwa kwa matibabu. Mwaka 2020 walishuka hadi milioni 5.8. Ugonjwa haukupungua. Vituo vilielemewa, safari zilizuiwa katika nchi nyingi, na watu waliogopa kwenda hospitali na kikohozi, wasije wakaitwa wagonjwa wa Korona. Mwenye TB asiyetibiwa anabaki nyumbani na watoto, kwenye chumba kimoja, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaodhurika zaidi.

Tulisikia pia mengi kuhusu kujifukiza. Mvuke hulainisha kamasi na wengine hupata nafuu, lakini hauui kirusi kwenye mapafu, huweza kumbana mwenye pumu, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watu. Mtoto asiwekwe kabisa.

Tatizo jingine ni duka la dawa muhimu. Liko karibu kuliko zahanati na halina foleni, hivyo mtu hununua dawa ya kikohozi mara tatu, mara nne. Muuzaji mwema ni yule anayemwambia mteja wa mara ya pili, "Baba, hii sasa imepita wiki mbili, nenda kapime makohozi." Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma umekuwa ukishirikiana na wauzaji wa dawa na waganga wa tiba asili kwa kazi hiyo hiyo.

Ukienda kituoni, vaa barakoa na mwambie wa mapokezi mara moja kwamba unakohoa, ili usikae saa tatu kwenye benchi katikati ya wajawazito. Mganga atataka kujua kikohozi kilianza lini, kinazidi saa ngapi, kikavu au cha makohozi, kuna damu au hakuna, unapikia nini, umefanya kazi gani, nani nyumbani aliwahi kuugua TB, na dawa zote unazotumia. Beba paketi zake, hata zilizoisha. Kwa maswali kabla ya safari, Wizara ya Afya ina namba ya simu 199, na kupiga ni bure.