Fundi na Mwanafunzi: Elimu na Uzoefu wa Kazi katika Historia ya Usangi

Neno fundi na neno mwanafunzi yatoka katika shina moja, nalo ni kufunda. Kwa asili, basi, Kiswahili hakikumtenga mwenye kufunzwa na mwenye kutenda. Elimu ni neno la Kiarabu. Uzoefu watokana na kuzoea. Siku hizi hutajwa pamoja kila mtu atakapo kazi, kana kwamba ni mizani mbili mbalimbali, na swali la ipi yazidi uzito laweza kuchunguzwa vema katika milima ya Upare ya Kaskazini.

Huko, kazi ya chuma ilikuwa mikononi mwa Washana. Kijana wao hakupewa cheti. Alikaa karibu na mivukuto, akatazama rangi ya moto mpaka mkono wake ukajua. Mapokeo, ambayo Isaria Kimambo aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1969, yasimulia kwamba Washana walitawala Ugweno, kisha Wasuya wakawanyang'anya utawala. Enzi ilihama, lakini uhunzi ulibaki kwa Washana. Kiti huweza kutwaliwa. Ujuzi wa mkono hautwaliwi.

Mwaka 1900 wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Usangi, na kalamu ikaanza kushindana na nyundo. Waliojua kusoma wakawa waalimu na makarani. Faida yake haina shaka. Hata hivyo, kodi iliyoitwa mbiru yaonyesha mpaka wa kalamu. Kodi hiyo ilipangwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, jambo ambalo katika karatasi ni haki tupu. Lakini nani ataikadiria migomba na mifugo ya jirani yake, na kwa kipimo gani? Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuipinga, na hatimaye ikaondolewa. Hesabu za waliotunga kodi huenda zilikuwa sahihi. Mazoea ya watu ndiyo yaliyokosekana ndani yake.

Kinyume chake ni Cleopa Msuya, aliyezaliwa Usangi mwaka 1931. Alisoma Makerere tangu 1952 hadi 1955. Shahada ilimfungulia mlango, lakini hakuingia mara moja katika ofisi kuu: tangu 1956 hadi 1961 alifanya kazi ya maendeleo vijijini. Ndipo alipokuwa Kamishna wa Maendeleo, Katibu Mkuu mwaka 1964, Waziri wa Fedha mwaka 1972, na Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995. Wanaomsifu kwa Makerere peke yake huiruka ile miaka mitano, nayo ndiyo iliyofanana zaidi na kukaa karibu na mivukuto. Alifariki Mei 2025, akazikwa Usangi.