Vituo vya Kompyuta vya Mtaani Jijini New York

Mwaka 1983, chini ya majengo ya nyumba za umma huko Harlem, New York, kilifunguliwa kituo ambamo mkazi yeyote wa mtaa angeweza kuketi mbele ya kompyuta na kujifunza kuitumia. Mwanzilishi wake, Antonia Stone, alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka mingi katika shule za kulipia za jiji hilo. Mwaka 1980 alianzisha shirika lisilo la faida, akaliita Playing to Win. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa gerezani, kuwafikishia wafungwa kompyuta. Mtaa ulifuata baadaye.

Kompyuta wakati huo ilikuwa mali ya wachache. Apple IIe, iliyoingia sokoni Januari 1983, iliuzwa dola 1,395 za Marekani, na mwaka uliofuata Ofisi ya Sensa iliikuta kompyuta katika asilimia 8.2 tu ya kaya za nchi nzima. Shule za matajiri zilikuwa zimeanza kuzinunua, za maskini zikibaki nyuma, na Stone alihofia kwamba pengo lililokuwapo katika elimu lingepanuka zaidi. Hata hivyo kituo chake hakikuwa chuo cha ukarani. Michezo ilitumika kama mlango wa kuingilia, na mwanafunzi, awe mtoto au mtu mzima, alianza na jambo alilolitaka yeye. Kitabu alichotoa Stone mwaka 1991, Keystrokes to Literacy, kinahusu watu wazima wasiojua kusoma vizuri: kibodi iliwapa nafasi ya kuandika na kufuta bila kuaibishwa na mwandiko wao.

Mfano wa Harlem ulienea kwa ruzuku. Mwaka 1990 taasisi ya serikali kuu inayofadhili sayansi, National Science Foundation, ilitoa fedha za kujenga mtandao wa vituo vya aina hiyo katika miji mingine, na baadaye mtandao huo ukajulikana kama CTCNet. Boston, mwaka 1993, jumba la makumbusho ya kompyuta lilifungua Computer Clubhouse, klabu ya vijana iliyobuniwa na Mitchel Resnick na Natalie Rusk, ambako watoto walitengeneza picha, muziki na michezo yao wenyewe.

Serikali kuu iliamka Julai 1995, Wizara ya Biashara ilipotoa ripoti ya kwanza kuhusu wasiofikiwa na teknolojia. Takwimu za 1997 zilikuwa kali zaidi: asilimia 40.8 ya kaya za Wazungu zilikuwa na kompyuta, dhidi ya asilimia 19.3 za Wamarekani Weusi. Wizara ya Elimu ikaanzisha mfuko wa vituo vya mtaani, ambao ulitengewa dola milioni 10 mwaka 1999 na takriban milioni 65 mwaka 2001. Ulikuwa mvua ya msimu mmoja. Serikali ya George W. Bush iliona tatizo linajitatua lenyewe kadiri bei za mashine zinavyoshuka, na baada ya miaka michache mfuko ukakauka.

Fedha zilizobaki zilikuwa za ajira, na hapo ndipo vituo vilipobadilika sura. Sheria ya 1996 iliyopunguza misaada kwa familia maskini iliwataka wapokeaji wafanye kazi, na ile ya 1998 kuhusu mafunzo ya kazi ilipima watoa mafunzo kwa idadi ya waliopata ajira na ujira waliolipwa. Kituo kilichokuwa kikijivunia bibi aliyejifunza kuwaandikia barua wajukuu wake hakikuwa na safu ya kumwandika katika fomu hizo.

Mfano ulio wazi wa sura mpya ni Per Scholas, shirika lililoanzishwa mwaka 1995 huko South Bronx, ng'ambo tu ya Mto Harlem. Lilianza kwa kukarabati kompyuta zilizotupwa na makampuni ili zipelekwe shuleni na kwa familia za kipato kidogo. Kazi hiyo ilihitaji mafundi, na kufundisha mafundi kukawa ndiyo kazi yenyewe: mafunzo ya bure ya miezi kadhaa, mtihani wa cheti cha A+ kinachotambuliwa na waajiri, kisha msaada wa kutafuta kazi. Watafiti wa shirika la utafiti la MDRC waliwagawa waombaji kwa bahati nasibu, wengine wakaingia darasani na wengine la. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopata nafasi ya mafunzo waliwazidi wenzao kwa zaidi ya dola 3,000 za mapato katika mwaka wa pili. Ni mafunzo machache ya kazi Marekani yenye ushahidi wa namna hiyo.

Lakini mlango wa Bronx ni mwembamba kuliko ule wa Harlem. Mwombaji alitakiwa awe amemaliza sekondari au awe na cheti kinacholingana nayo, tena afaulu majaribio ya kusoma na hesabu. Watu ambao Stone, aliyefariki mwaka 2002, aliwaandikia kitabu chake wasingevuka kizingiti hicho. Wao wamebaki na maktaba za umma na vituo vidogo vinavyoishi kwa michango. Sheria ya 2021 iliyotenga dola bilioni 2.75 kwa usawa wa kidijitali ililenga pia kundi hilo, lakini Mei 2025 serikali ya Donald Trump ilitangaza kusitisha ruzuku zake.