Asili ya Wakati Mmoja katika Kifaransa

Kila mwanafunzi ajifunzaye Kifaransa hufika siku moja penye orodha kama hii ya kitenzi planter, yaani kupanda mche au mbegu: j'avais planté, tu avais planté, il avait planté, nous avions planté, vous aviez planté, ils avaient planté. Wakati huu huitwa plus-que-parfait, na maana yake ni "nilikuwa nimepanda, ulikuwa umepanda, alikuwa amepanda", na kadhalika. Mwanafunzi huikariri, hufanya mtihani, kisha huisahau. Lakini yafaa kwanza aulize: ni nani aliyeiweka orodha hii? Nifuate, msomaji, tulitafute jibu.

Kati ya mwaka 58 na 51 kabla ya Kristo, majeshi ya Roma yakiongozwa na Julius Caesar yaliiteka Galia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Askari na wafanyabiashara walikuja na lugha yao, Kilatini. Kwa kanuni za Kilatini cha vitabuni, "nilikuwa nimepanda" ni neno moja tu: plantaveram. Mwanzo wa neno wataja tendo. Sehemu zifuatazo zaonyesha wakati na mtendaji.

Watu wa sokoni na mashambani walikuwa na njia nyingine. Chukua mfano wa mkulima wa mizabibu asemaye: vineam plantatam habebam. Neno habebam lamaanisha "nilikuwa na". Basi hapo mwanzo maneno hayo yalitaja mali: "Nilikuwa na shamba la mizabibu lililopandwa." Lakini fikiri: mwenye shamba lililopandwa, mara nyingi ndiye aliyelipanda. Kidogo kidogo watu wakaacha kusikia habari ya mali, wakasikia habari ya kazi iliyokwisha kufanywa. Kitenzi cha kumiliki kikageuka kuwa msaidizi wa kuonyesha wakati. Vizazi vikapita, na vinywani mwa watu habebam ikafupishwa na kulainishwa hata ikawa avais, na plantatum ikawa planté.

Badiliko hili lilichukua karne nyingi. Mwaka 813 maaskofu waliokutana mjini Tours waliagiza mahubiri yafasiriwe katika usemi wa watu wa kawaida, ili wote waelewe. Usemi huo waliuita Kirumi cha washamba. Mwaka 842, mjini Strasbourg, mfalme Louis Mjerumani aliapa kwa usemi huo huo, ili askari wa ndugu yake Charles wafahamu ahadi yake. Utenzi wa Mtakatifu Eulalia, ulioandikwa karibu na mwaka 880, bado una maneno machache yenye umbo la kale la aina ya plantaveram. Ila yamekwisha kupoteza maana yake ya zamani, nayo husimulia tu jambo lililopita. Baadaye umbo hilo likatoweka kabisa katika Kifaransa. Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wangali nalo katika maandishi yao: plantara.

Usemi wa washamba ukaendelea kupanda cheo. Mwaka 1539, huko Villers-Cotterêts, mfalme François I aliamuru hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Mwaka 1635 Kardinali Richelieu alianzisha Académie française, baraza la wasomi wa kuichunga lugha. Hata hivyo wasomi hao waliukuta wakati huu umekwisha kuundwa. Walichobadilisha ni mambo madogo, kama vile tahajia: zamani watu waliandika j'avois, na kamusi ya baraza hilo iliikubali j'avais katika chapa ya mwaka 1835.

Mkulima yule ameacha alama yake hata leo. Mfaransa huandika la vigne que j'avais plantée, "shamba la mizabibu nililokuwa nimelipanda". Tazama herufi e iliyoongezwa mwishoni. Neno planté hapa halimfuati mpandaji. Lafuata kile kilichopandwa, kama sisi tusemavyo shamba lililopandwa na miti iliyopandwa. Ni mabaki ya siku zile ambapo maneno hayo yalitaja mali.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Wafaransa peke yao. Katika nitapanda, ile -ta- yatokana na kitenzi taka: aliyetaka kupanda akawa ndiye atakayepanda. Na tusemapo nilikuwa nimepanda, nasi twakitumia kitenzi cha kawaida kabisa, kuwa, kubeba mzigo wa wakati.

Sasa turudi kwenye swali letu. Orodha ile haikuwekwa na mfalme wala na baraza. Waliiunda wakulima, wachuuzi na askari, ambao wengi wao hawakujua kusoma, kila mmoja akitaka tu jirani yake amwelewe. Wenye elimu waliwaita washamba. Kisha wajukuu wa wenye elimu wakaketi darasani kuyakariri maneno ya washamba. Kwa hiyo, usikiapo mtu akiicheka lugha ya mama yako au maneno ya sokoni kwenu kwamba si lugha kamili, mwonyeshe orodha hii.