Retina ya maabara na swali la rafiki wa Bungoma

Nilipotea kidogo, kazi ya kuandika programu ilinibana. Leo tuzungumze historia fupi.

Juzi nikiwa Kitale nilimsimulia rafiki yangu wa Bungoma utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Katika shule 50 za Trans Nzoia, walimu waliwapima wanafunzi macho. Pale walipotumia simu na wazazi wakakumbushwa kwa SMS, asilimia 54 ya watoto walioelekezwa hospitali walifika. Kwa njia ya kawaida, asilimia 22.

Akaniuliza: "Sawa, simu inagundua. Lakini mama yangu haoni katikati, hata uso wangu hautambui. Nasikia siku hizi wanaotesha retina maabara. Mbona wasimpandikizie?"

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwaka 2011 Mototsugu Eiraku, Yoshiki Sasai na wenzao huko Kobe, Japani, walionyesha seli shina za panya zikijipanga zenyewe kuwa kikombe cha jicho. Mwaka 2012 kundi hilo likafanya hivyo kwa seli za binadamu.

Ila umbo halitoshi. Karibu seli zote za mwili hubeba karibu jeni zile zile, kama kompyuta nyingi zenye programu moja. Tofauti ni sehemu zipi zinatumika. Jeni ikitumika hutoa RNA, nayo husomeka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walisoma seli 44,808 za retina ya panya, moja moja, wakapata makundi 39.

Mwaka 2020 watafiti wa Basel, Uswisi, wakalinganisha retina za maabara na za watu wazima, kama sisi tunavyolinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari. Walisoma seli 285,441. Za maabara zilikomaa kwa kasi inayokaribiana na ya mwilini, na RNA yake ikakaribia ya retina halisi. Lakini ile ya pembezoni, si ya kitovu, tunapotumia kusoma na kutambua nyuso.

Kitovu hicho ndicho alichopoteza mama.

Kobe walishapandikiza vipande kwa wagonjwa 2 wa ugonjwa mwingine wa retina. Matokeo ya 2023 yalionyesha vimedumu miaka 2. Ni mwanzo.

Nawe mwenye mzazi anayeona mistari iliyonyooka imepinda, usingoje maabara. Mpeleke akapimwe mapema. Tuonane tena hapa.